Ndoano Tatu kwa Kila Meza

Nianze kwa kuomba msamaha. Mistari yangu inapanda juu kuelekea kulia kama gari linaloacha barabara, na najua kuna mahali nimeandika b palipotakiwa p, na f palipotakiwa v, kwa sababu nyumbani tunasema Kisomali na masikio yangu yamezoea hivyo. Nilimaliza darasa la nane nikaishia hapo. Karatasi hizi nimeziandika wiki tatu, polepole, wakati wenzangu wanakunywa chai. Mahali usipoelewa, rudia mara moja, huenda kosa ni langu.

Nataka kuandika juu ya mwanamke tuliyemwita Msimamizi. Jina lake silitaji kwa kuwa yeye mwenyewe hakulitumia kazini. Wala sitasema ni binti wa nani. Huku kwetu hilo ndilo swali la kwanza mgeni anaulizwa, pengine kabla hajapewa maji. Yeye alilikataa mlangoni. Siku yangu ya kwanza katika karakana yetu ya Iftin, hapa Garissa, fundi mmoja wa meza ya mbao aliniuliza ukoo wangu. Msimamizi alikuwa amechuchumaa akikaza nati, na hakuinua kichwa.

“Waryaa, wewe,” alimwambia, “ukoo wake ni meza ya magurudumu. Wako ni meza ya mbao. Mmeshajuana. Haya, kazi.”

Tunaunda vitu vitatu: mikokoteni ya punda, toroli za kusukumia mitungi ya maji, na viti vya magurudumu vya watu wasioweza kutembea, vyenye matairi mapana yanayopita kwenye mchanga. Mwenye karakana alitaka tuunde mikokoteni peke yake, meza zote zishikiliwe na saruji kwenye sakafu, moja nyuma ya nyingine, na watu wa meza ya viti waende nyumbani. Alilisema jambo hilo kila mwaka. Msimamizi alilikataa kila mwaka. Kisha ikafika zamu yangu ya kulikataa, mimi ambaye hata kumwambia mtu “nipishe” kulinishinda, na hiyo ndiyo sababu ninaandika.

Meza zetu zina magurudumu. Zipo sita, na kila moja ina kazi yake, vifaa vyake na waya wake wa umeme. Kila bidhaa huanzia kwenye meza ya magurudumu na ya fremu, kwa sababu chini vyote vinafanana. Baada ya hapo njia hugawanyika. Ikiwa kinakuja kiti, tunasukuma meza ya viti iingie katikati na meza ya mbao inakwenda ukutani. Ukija mkokoteni, tunageuza. Kila asubuhi Msimamizi alichora mishale ya chaki sakafuni kuonyesha njia ya siku hiyo, na jioni aliifuta mwenyewe kwa tambara. Hakutaka mtu afuate mshale wa jana.

Wageni walipomuuliza alisomea wapi mpango huu, aliwajibu kuwa alisomea juu ya ngamia. Walidhani anatania. Kabla ya kuja mjini alikuwa amejenga na kubomoa aqal kwa miaka mingi, ile nyumba ya fito na mikeka inayohama na watu. Kwetu hiyo ni kazi ya wanawake. Nyumba nzima inafungwa mgongoni mwa ngamia, na anayeifunga lazima awe anaiona kambi ambayo haijafikiwa: fito zinazosimama kwanza zifungwe mwisho, mikeka ya juu iwe chini, na chombo cha maziwa kiwe mahali mkono unafika bila kufungua kitu. Ukikosea, utafika jua linazama na watoto watakaa upepo unawapiga huku wewe unafungua mzigo wote kutafuta ufito mmoja.

“Mama, hii ni chuma,” Musyoka alimwambia siku moja. Musyoka ni fundi wetu wa kuchomelea, mtu wa Kitui, amekaa Garissa miaka mingi na bado analalamikia joto kila asubuhi kama aliyeshuka leo. “Hii ni chuma, si mikeka.”

“Chuma ni rahisi. Chuma haimzai mtoto njiani.”

Musyoka alicheka mpaka akavua miwani yake ya kazi.

Hakujua kusoma. Mpango wake wote ulikuwa ukutani, kwenye ubao wenye misumari, na maandishi yake yalikuwa vibati. Alikata makopo ya mafuta ya kupikia kwa mkasi, akapaka rangi: nyekundu mkokoteni, buluu toroli, njano kiti. Kila kazi iliyoagizwa ilikuwa na kibati chake. Kibati kilisafiri na kazi kutoka meza hadi meza, na kila meza ilikuwa na ndoano tatu tu za kutundikia. Zikijaa, meza iliyo nyuma yako inasimama. Haileti ya nne hata ikiwa tayari. Mikono iliyosimama inakuja kukusaidia.

Hili liliwaudhi watu kuliko kitu chochote. Fundi mwepesi anapenda kuonekana ameacha wenzake mbali. Musyoka alikuwa akibisha karibu kila wiki.

“Niache nimalize fremu za mikokoteni zote, Mama. Nikishaingia mwendo, siwezi kubadilisha badilisha.”

“Ukimaliza zote, meza ya mbao itazama, na meza ya viti italala. Kesho yake watageuzana. Mmoja anakufa kwa kazi, mwingine anasinzia. Nani amefaidika?”

“Mimi!”

“Wewe ni meza moja, Musyoka. Mimi nimeajiriwa na meza sita.”

Ndiyo maana vibati ubaoni havikupangwa rangi kwa rangi. Vilichanganywa: mkokoteni, toroli, toroli, kiti, mkokoteni. Mwanzoni niliona ni fujo. Ilinichukua mwaka kuona kwamba kwa mpangilio huo hakuna aliyekimbia na hakuna aliyekaa, na kwamba mtu aliyesubiri kiti hakusubiri mikokoteni yote iishe kwanza.

Karibu na ubao ilining’inia rimu kuukuu ya lori na kipande cha nondo. Yeyote akiona kosa, aigonge. Wote wanasimama, kosa linarekebishwa hapo hapo, kazi inaendelea. Hakumgombeza aliyegonga, hata kama ilikuwa bure. Aliyemgombeza ni yule aliyeona na akanyamaza.

Nami nilikuwa mnyamavu sana. Nilifunga magurudumu miaka miwili bila kuigonga.

Msinielewe kwamba alikuwa mtu aliyenyooka kila upande. Mkoba wake ulikuwa pango. Mtu aliyejua kila boliti ilipo alitumia nusu ya asubuhi kutafuta ufunguo wa stoo, na kila mara ufunguo ulikuwa shingoni mwake. Alikataza chai kwenye meza, na chupa yake ya chai ilikaa juu ya rafu ya ubao, mahali patakatifu kuliko pote. Alitufundisha tusiharakishe, na yeye alitembea mbio kiasi kwamba tukienda naye dukani kununua boliti tulifika tunahema. Alikataa habari za koo kazini, lakini wakati wa chakula alitaka kujua nani anaoa nani, mahari ni ngamia wangapi, na kwa nini yule wa kwanza aliachwa. Mara moja alikosea mwenyewe, akapeleka meza ya viti njia isiyo yake. Aliigonga rimu, akasema mbele ya wote, “Aliyekosea ni mimi,” na siku mbili baadaye alikuwa hajasema na mtu vizuri. Kukiri alikuweza. Kusahau hakukuweza.

Nilimwita Eeddo, kama mtu anavyomwita dada ya baba yake. Naye aliniita eeddo vilevile, maana kwetu mkubwa humrudishia mdogo jina hilo hilo. Nilipokuwa mgeni jambo hilo lilinipa nguvu. Ilikuwa kama kila akiniita ananikopesha kidogo ukubwa wake.

Lakini siku ya magurudumu hakuniita hivyo. Msimamizi alikuwa ametoka, kazi ilikuwa ndogo, na mimi nilitaka kumfurahisha. Niliona vibati vyekundu vingi ubaoni, nikaamua kutangulia. Nilifunga magurudumu ya mikokoteni, beringi kubwa, matairi, kila kitu, nikayapanga ukutani mpaka yakafika dirishani. Wiki hiyo mto Tana ukafurika, barabara ikakatika, na wateja wa mikokoteni wa ng’ambo ya mto wakasema wangojewe. Waliokuja mbio ni wa mjini, wakitaka toroli za maji, kwa sababu mabomba yalikuwa yameharibika. Toroli hutumia matairi na rimu zile zile, ila beringi zake ni ndogo. Beringi hazikuwa tatizo, zilikuwepo. Matairi na rimu zote nilikuwa nimeshazifunga na beringi kubwa.

Msimamizi alisimama mbele ya ukuta wangu wa magurudumu muda mrefu.

“Umempakia ngamia mzigo wa kambi ambayo hatuendi,” alisema. “Fungua.”

“Yote, Eeddo?”

“Moja moja. Mimi nitakusaidia.”

Tulifungua siku mbili. Vidole vyangu vilivimba, na vyake pia, na alikuwa mtu mzima. Tangu siku hiyo sijafunga hata nati moja bila kibati.

Sasa nije kwenye macho yake, jambo ambalo hatukuliona kwa kuwa alilificha kwa kazi.

Kuna wakati alianza kukata mikato kwenye ukingo wa vibati: mkato mmoja mkokoteni, miwili toroli, mitatu kiti. Alituambia ni kwa ajili yetu, kwamba rangi hufifia kwa vumbi lakini mkato haufifii. Tulimsifu. Musyoka alisema huyu mama angezaliwa Nairobi angekuwa waziri. Baada ya muda alianza kunijaribu kila asubuhi. “Eeddo, nisomee ubao, nione kama umejifunza.” Nilimsomea rangi kutoka msumari wa kwanza hadi wa mwisho, nikijivuna. Kisha akanipa chaki nichore mishale, naye akasimama nyuma yangu akisema kulia, kushoto, mbele.

Siku moja nilichora mshale vibaya kwa kusahau, ukaingia ukutani. Nikangoja anigombeze. Alisema, “Vizuri, endelea.”

Nikageuka nikamtazama machoni. Yalikuwa na ukungu mweupe katikati. Naye akajua kwamba nimejua.

“Usiwaambie,” alisema. “Bado.”

“Tangu lini, Eeddo?”

“Tangu mikato.”

Alidumu miezi mingine sita. Aliposhindwa kabisa kutambua nani yuko mlangoni, alimwendea mwenye karakana mwenyewe. Nilikuwepo kwa sababu nilimshika mkono. Mwenye karakana si mtu mbaya. Alimpa pole kwa moyo. Kisha akasema kwamba basi sasa saruji imwagwe, meza zishikwe, tufanye mikokoteni, kwa kuwa bila yeye hakuna wa kuupanga mchanganyiko ule.

“Yupo,” Msimamizi alisema, akainua mkono wangu.

“Huyu? Huyu hasemi!”

“Anaona. Kusema atajifunza.”

“Lori la Mandera linaondoka Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri,” mwenye karakana akasema. “Mikokoteni kumi, toroli ishirini, viti vitano. Vikiwa ndani vyote, meza zibaki na magurudumu. Kikikosekana kimoja, Ijumaa naita watu wa saruji.”

Jumatatu Msimamizi alipanda gari kwenda kwa binti yake anayeishi Hadado, upande wa Wajir. Hakutaka kukaa atazame, nadhani ninaruhusiwa kusema hivyo. Aliniachia chaki, mkasi na chupa ya chai.

Jumatatu na Jumanne zilikwenda. Nilitundika vibati nikafuata alivyonifundisha. Jumatano asubuhi Musyoka aliamua kunisaidia, na msaada wake nusura uniue. Alichomelea fremu za mikokoteni mfululizo bila kungoja vibati, akazisukuma kwa meza ya mbao. Ndoano tatu zikajaa. Akaleta ya nne, akailaza chini. Ya tano. Meza ya viti ilikuwa imekaa bure, watu wake wakitazamana, na viti vitatu bado.

Nilimwendea. Mdomo ulifunguka, sauti haikutoka. Aliinua miwani yake.

“Nini, mdogo wangu? Unaona mwendo huo? Leo tunamaliza!”

Nikarudi kwenye ubao. Nikaishika nondo. Ikaigusa rimu kabla sijaamua. Kisha nikaamua, nikagonga kwa nguvu zangu zote.

Wote wakageuka.

“Mtoto amepiga kengele,” mmoja akasema. “Shule imefunguliwa!” Wakacheka. Nikazionyesha kwa nondo fremu zilizolala chini. Nikazionyesha ndoano tatu. Nikawaonyesha watu wa meza ya viti waliokaa. Musyoka alitazama kila mahali nondo ilipokwenda, na kicheko chake kikapungua.

“Haya, haya,” akasema. “Nimeona. Mama ameondoka akaacha nondo yake.” Akazima mashine, akaenda yeye mwenyewe kusaidia mbao, na tulisukuma meza ya viti ikaingia katikati. Kufikia alasiri viti vyote vitano vilikuwa vimesimama.

Alhamisi kila kitu kilikuwa uani. Nilikwenda kuswali nikiwa mwepesi. Niliporudi, wapakiaji walikuwa wamekwisha kupakia. Viti vilikuwa vya Hadado, vingeshushwa Wajir, kabla ya Mandera. Nao walivipakia kwanza, vikawa mwisho kabisa ndani, na mikokoteni ya Mandera ikavifungia kama ukuta. Dereva angefika Wajir ashushe lori zima kando ya barabara ili atoe viti vitano, au, kama ninavyowajua madereva, angevipitisha hadi Mandera akasema atarudi navyo.

Injini ilikuwa tayari inaunguruma. Mwenye karakana alikuwa pale, anatabasamu, hesabu yake imetimia. Vyote vilikuwa ndani. Ningenyamaza, ningekuwa nimeshinda.

Niliingia ndani, nikaitoa rimu kwenye mnyororo wake, nikaibeba kifuani mpaka uani, nikaiweka mbele ya tairi la lori. Nikaigonga.

“Naa, binti! Una wazimu?” dereva akapiga kelele kupitia dirishani.

Nikaigonga tena. Nikanyoosha nondo kwenye viti, kisha nikainyoosha kuelekea barabara ya Wajir. Musyoka ndiye aliyenisemea. “Anasema Hadado wanashuka kwanza. Mmepakia kinyume.”

“Saa hii? Walahi siondoki jioni kwa sababu ya viti!”

Mwenye karakana alinitazama, akautazama mzigo. Yeye pia ni mtoto wa wafugaji, ameiona aqal ikifungwa na mama yake. Nilimwona akiikumbuka.

“Shusheni,” alisema. Akavua koti, akashika mkokoteni wa kwanza mwenyewe.

Saruji haikuja. Lori liliondoka limechelewa, dereva akinitazama kwenye kioo kama mtu wa kukumbukwa kwa ubaya. Rimu ilikuwa nzito kuirudisha, basi tukaitundika mlangoni, mahali nilipochoka.

Mara ya mwisho nilipomwona Msimamizi ni mwezi uliopita. Aliletwa mjini kuonwa na daktari wa macho, na mjukuu wake, ameshika ncha ya shuka la bibi, akamleta kwetu. Hatukumsikia akiingia. Alisimama kwenye kizingiti kitambo, kichwa kimeinama upande mmoja.

“Nani amehamisha rimu?” ndiyo ilikuwa salamu yake. Mkono wake ulikuwa umeigusa pale mlangoni.

Kila mtu alimkimbilia. Musyoka alimlalamikia joto. Yeye alitusalimu mmoja mmoja, akauliza nani ameoa, kisha akataka apelekwe ubaoni. Vidole vyake vilipita kwenye vibati, msumari kwa msumari. Mmoja. Miwili. Miwili. Mitatu. Akasimama kwenye kibati kimoja, akakipapasa tena.

“Hii ni mikato minne.”

“Ni toroli ya maziwa,” nilimnong’oneza. “Ya akina mama wanaouza maziwa ya ngamia sokoni. Ina kivuli juu. Fremu ni ile ile.”

“Nani alikuruhusu?”

Alikitundika kibati mahali pake bila kukosa msumari.

“Haye, sawa,” alisema. Akaendelea kwenye meza, moja baada ya nyingine, akihesabu ndoano kwa kidole gumba. Kwenye meza ya nne alisimama. Nami nikakumbuka, nikaona aibu mpaka miguuni. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeruhusu kibati cha nne kitundikwe juu ya kingine, kwa sababu mteja alikuwa na haraka na alikuwa mtu mkubwa.

Msimamizi alikipapasa kibati cha juu. Alirudi mlangoni akipapasa meza njiani, akapata nondo, akaigonga rimu.

Wote wakasimama. Yeye naye akasimama, akingoja, uso wake umeelekea mahali alipodhani nipo. Hapakuwa na Musyoka wa kunisemea, kwa sababu Musyoka alikuwa ananitazama pia.

“Meza ya nne ina vibati vinne,” nilisema. Sauti ilitoka, ikawa kubwa kuliko nilivyotaka. “Kosa ni langu. Kimoja kirudi ubaoni. Meza ya tatu isimame, isaidie ya nne.”

Watu wakasogea. Meza zikaanza kuburuzwa. Msimamizi aliirudisha nondo mahali pake taratibu.

“Nilikuona miaka mitatu,” alisema. “Sauti yako ndiyo naisikia leo. Ni nzito, eeddo. Itafika mpaka meza ya sita.”

Kisha akaomba ufunguo wa stoo, akajipapasa shingoni, akacheka peke yake, akaondoka mbio kama kawaida, mjukuu akivutwa nyuma.

Daktari amesema jicho moja linaweza kupasuliwa. Msimamizi anangojea zamu yake akiwa Hadado.

Ewe uliyesoma hadi hapa, naomba uniandikie. Usijali mwandiko, umeshauona wangu. Niambie huko uliko kazi inapangwa vipi, nani anaruhusiwa kuisimamisha, na mlifanya nini siku mlipopakia kinyume. Mpe barua yeyote aliyekupa karatasi hizi, itanifikia. Nikienda Hadado nitaibeba juu kabisa ya mzigo, nimsomee Msimamizi. Ninasoma polepole, lakini sasa ninasoma kwa sauti.